Upande wa Pili wa Santuri

Jumatatu saa tatu asubuhi, mchambuzi wa muziki wa gazeti alimaliza chungwa lake, akafuta mikono kwenye suruali, akaweka santuri mpya kwenye mashine. Ilikuwa piano tupu, bila mwimbaji wala ngoma, vipande tisa vilivyopigwa na mwalimu wa chuo cha muziki. Aliyeileta ni tarishi wa gazeti. Mwalimu huyo alikuwa dada wa tarishi, tumbo moja, na mkuu wa chuo alishasema: gazeti likimsifu, chumba cha piano kinabaki chake, likimponda, wanapewa watu wa kompyuta.

Kipande cha kwanza kilipoanza, maji yalitoka kwenye spika. Yalikuwa safi, ya baridi kidogo. Kufikia kipande cha tatu yalikuwa magotini. Mpiga picha alivua viatu akavitundika shingoni. Mhariri alipaza sauti kwamba droo za chini zihamishwe, kisha akarudi kwenye simu yake.

Katika kipande cha nne meza ya mchambuzi iliinuka na kutoka mlangoni, mwenyewe akiwa juu yake na kalamu mkononi. Ilipita dawati la michezo, ikagonga kona ya matangazo ya vifo, ikaendelea.

"Unaandika nini, bosi?" tarishi akauliza. Alikuwa anatembea kando yake, maji kiunoni.

"Kwamba huu muziki hausogei. Umekaa palepale kama gari bovu."

"Na sisi hapa tumefika wapi?"

Mchambuzi akatazama. "Jikoni," akasema. Akaandika: *Vidole vingi, safari hakuna. Kipande kimoja cha taratibu kingemwokoa, lakini mama huyu hajui kupunguza mwendo.*

Muziki ukaisha. Maji yakasimama.

"Kuna upande wa pili, bosi. Nikugeuzie?"

"Miaka ishirini sijageuza santuri ya mtu. Nikionja mchuzi una chumvi, ndiyo nimalize sufuria?"

"Ni dada yangu, bosi."

"Basi mpe pole."

Gazeti la Jumatano lilitoka limelowa. Mwalimu alilibana kambani kati ya shuka na sidiria, akalisoma amesimama, mikono kiunoni. Alirudia mstari mmoja mara mbili.

"Kaka, huyu mtu hakukisikia cha mwisho?"

"Hakugeuza."

"Cha mwisho ni cha polepole. Dakika saba. Nilikipiga kwa ajili ya mama."

"Najua."

"Ungemwambia."

"Nilimwambia ageuze. Akanijibu habari za mchuzi."

Ijumaa piano ilisukumwa ukumbini na kufunikwa turubai, na kompyuta kumi na mbili zikaingia chumbani. Mkuu wa chuo alibandika ukurasa wa gazeti kwenye ubao wa matangazo, asije mtu akamwuliza sababu.

Gazetini wafanyakazi waligawiwa mabuti. Meza ya mchambuzi ilibaki jikoni, karibu na sinki. Alisema hewa ya huko ni nzuri.

Tarishi alitoa santuri kwenye mashine aipeleke rafuni. Upande wa kwanza ulikuwa unachuruzika. Wa pili ulikuwa mkavu, na vumbi la kiwandani bado liko juu yake. Akavuta nyingine mbili tatu, za miaka ya nyuma, akazipindua. Upande wa pili, zote zilikuwa mpya.

Akairudisha kila moja mahali pake, akaenda kuchemsha chai ya mchambuzi.