Mgema wa Columbia Heights

Naapa kwa haya meno yangu sita yaliyobaki: kisa hiki hakina chumvi hata punje. Ilikuwa Machi 2014, Columbia Heights, huku Marekani, theluji bado inafika magotini, na mimi Melkiori, dereva wa basi mstaafu, niliuweka rehani mdomo wangu.

Ilianzia kanisani, kwenye chai ya baada ya ibada. Watu walikuwa wakizungumza jinsi Wamarekani wanavyotoboa mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, wakakinga maji yake na kuyachemsha mpaka yawe mazito kama asali. Nikacheka.

"Mimi mtu wa Njombe," nikasema. "Nimegema ulanzi, pombe ya mwanzi, tangu sijaota jino la pili. Kuna mwanzi ulinijazia pipa, ukaniomba jingine."

Mama Euphrasie, Mkongomani anayetawala jiko la kanisa, akaweka kikombe chini.

"Papa Melkiori, weye na bongo yako, uongo tu! Bon. Alhamisi minakuja kwako. Nikikuta mti unatoa maji, nitakupikia sombe, ile munaita kisamvu, mwezi muzima. Nikikuta bongo, utaosha sufuria zetu mpaka Pasaka, na hautasimulia kitu hapa. Hata neno moja."

Meza nzima ikapiga makofi. Sufuria sikuziogopa. Lakini kunyamaza mpaka Pasaka! Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, chai ile ndiyo saa pekee ya juma ambayo mtu ananisikiliza.

Nyumba nilikuwa nimehamia Desemba, miti yote imeshavuliwa majani. Mgema wa Njombe haangalii jani, anaangalia shina. Nikachagua lililonenepa kuliko yote uani, nikatoboa, nikapachika kibomba, nikatundika ndoo. Jumatatu, kavu. Kila asubuhi na jioni nikalichonga lile tundu upya, kama tunavyofanya kwa ulanzi. Jumatano, kavu. Ng'ambo ya ua, ndoo ya jirani ilidondokewa to, to, to, usiku na mchana, kama inayonicheka.

Alhamisi saa nne gari la Mama Euphrasie likaingia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hata hilo tembo sikuwa nalo. Ndooni nilikuwa nimetia maji ya bomba na vijiko vinne vya sukari.

Akachovya kidole, akalamba.

"Tamu," akasema.

"Si nilikuambia?"

"Tamu sana." Akaanza kulitazama shina, toka juu kuja chini, polepole.

Jua lilikuwa kali tangu asubuhi na theluji ya pale chini ilikuwa ikiyeyuka. Ndipo nikaiona: kokwa ya kahawia, yenye kofia, inachungulia pembeni ya buti langu. Kokwa hizo nilizijua. Kila vuli, majani yakipukutika, zilikuwa zikilipiga paa la basi nililoendesha huku, kwenye mtaa mmoja wa mialoni.

Nikaikanyaga. Ikatokea ya pili. Nikaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Ikatokea ya tatu, na Mungu hakunipa mguu wa tatu.

"Papa, unacheza ngoma?"

"Baridi, Mama."

"Songa."

"Miguu imeganda."

"Songa, Papa Melkiori."

Nikasonga. Akaokota mbili, akazipangusa kwa kitenge chake.

"Hizi ninazifagiaka kila mwaka mbele ya mulango yangu. Huu ni mwaloni, Papa. Ibrahimu alikaa chini yake akangoja wageni. Hakuutoboa." Akaigeukia ndoo. "Na sukari yake, umeinunua wapi?"

Jumapili nilikuwa mbele ya sinki, mikono imezama hadi viwiko, nakwangua ukoko wa ugali. Nyuma yangu, mezani, mzee mwenzangu Humphrey alikuwa akiwasimulia wageni kile kisa changu cha simba waliosimamisha basi langu mbugani Mikumi, kabla sijahamia huku, wakidai tiketi. Akasema simba walikuwa wawili.

Walikuwa saba.

Nikafungua mdomo. Mama Euphrasie akanitazama. Nikaufunga, nikavuta sufuria nyingine.