Sakoshi za Watu

Kila mwaka, kanisa lao la ughaibuni lilipopanga safari ya siku moja kwenda bustani ya michezo kule Wavre, Maman Berthe alipewa kazi ileile: kukaa kwenye benchi kulinda sakoshi za wenzake, mikoba yao yote. Miaka sita sasa. Wenye waume walipanda kila chombo cha michezo, wakapiga kelele hadi sauti zikawakauka. Yeye, asiye na mume wa kumshika mkono, alibaki chini na rundo la makoti, sufuria ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na viatu vya watoto wa watu.

Mwaka huu aliapa. Alitaka kupanda ile treni inayovutwa taratibu hadi juu kisha inaachiwa, watu miguu juu vichwa chini. Mara moja tu. Siku sita za juma aliwageuza wazee vitandani katika nyumba ya wazee ya Etterbeek. Safari hii alitaka na yeye ageuzwe.

Baada ya ibada walikusanyika chumba cha nyuma ya kanisa, mtaani Matonge. Papa Bertin, mkuu wa safari, akasoma karatasi yake.

"Bon. Magari, tayari. Mikate, Maman Marie-Claire. Pondu, Maman Berthe. Kuchunga sakoshi, Maman Berthe, kama siku zote."

"Hapana, papa."

Kalamu ikasimama hewani. "Hapana nini?"

"Pondu nitapika. Sakoshi, hapana. Mwaka huu na miye nitapanda treni."

Marie-Claire, mke wa Bertin, akajipiga mapaja kwa kicheko. "Ee Yesu! Na ile mwili? Treni itakatala kuamka, dada yangu!"

"Ikatale. Ni miye nitakuwa ndani, haiko weye."

Wakacheka tena, lakini sasa walimcheka Marie-Claire, naye uso ukamkunjika. "Alors nani atachunga? Sisi tuko na mabwana, tuko na batoto."

"Na miye niko na mutoto."

"Voilà!" Papa Bertin akadakia. "Abigaël ni mukubwa sasa, quatorze ans, miaka kumi na ine. Yeye atachunga, mama yake apande." Akaandika, akitabasamu kama mtu aliyepatanisha mataifa mawili.

Abigaël alikuwa dirishani na rafiki zake. Asubuhi nzima walikuwa wakigombania nani atakaa naye kiti cha mbele cha treni. Sasa kila mmoja alitazama simu yake.

"Haiko shida, papa," Abigaël akasema upesi, akitabasamu, macho chini. "Nitachunga."

Berthe alilijua tabasamu lile. Lilikuwa lake mwenyewe. Hakuwahi kudhani mtoto alikuwa akijifunza. Akawatazama akina mama mmoja mmoja, akingoja hata mmoja aseme mwacheni mtoto, tutapokezana. Walikuwa wameshaanza kuzungumzia mikate.

Akainuka, akaichukua kalamu mkononi mwa Bertin, akafuta jina la binti yake, kisha lake.

"Na pondu je?" Papa Bertin akauliza.

Nje, kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, Abigaël alitangulia hatua kumi.

"Nilisema nitachunga! Nani alikuomba? Bakamarade wangu bote banaenda!"

"Tutaenda siku ingine. Weye na miye."

"Miye na weye?" Abigaël akageuka, machozi yamemlowesha kidevu. "Kufanya nini?"

Berthe akaharakisha kumfikia. Alipofumbua kinywa, mtoto alikuwa ameshavuka barabara, na taa ya waendao kwa miguu ilikuwa imegeuka nyekundu mbele ya Berthe.