Kurasa Zote, Kichwa Kimoja

Mama Pacha alifika kazini Jumatatu hiyo akiwa amechoka kabla hata hajaketi. Wanawe walikuwa wanaota meno, na usiku kucha walipokezana kulia kama walinzi wanaobadilishana zamu. Mama yake mzazi, aliyekuja kumsaidia kulea, ndiye aliyemsukuma mlangoni akimwambia aende tu, nyumba haitahama.

Yeye na mwenzake mmoja ndio waliokuwa kitengo kizima cha mifumo pale chuoni. Mwenzake huyo, mtu mzima wa maneno machache, watu walimwita Nakili. Kila alipotakiwa kutengeneza ukurasa mpya kwenye tovuti ya chuo, alichukua ukurasa wa zamani, akaunakili wote, kisha akabadilisha kilichomo katikati. Mfumo ulikuwa umeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, wa miaka mingi, na kurasa zake zilishapita mia mbili. Kila mmoja ulibeba kichwa chake, menyu yake na maandishi yake ya chini, kama ukoo ambao kila mtoto amejijengea jiko lake uani.

Asubuhi hiyo mkuu wa kitengo alikuja na habari alizoziita njema. Chuo kimepandishwa hadhi, kimepata jina jipya, na jina hilo lionekane kwenye kila ukurasa kabla usajili haujafunguliwa wiki ijayo. Alipotoka, Nakili alivuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza, akafuta jina la zamani, akaandika jipya, akafungua wa pili. Kuzibadilisha kurasa zote kwa mkupuo haikuwezekana, maana huku jina liliandikwa kwa kirefu, kule kwa kifupi, kwingine ni picha.

Mama Pacha akamwomba wasiende hivyo. Watengeneze kiolezo kimoja chenye kichwa, menyu na sehemu ya chini. Kila ukurasa ubaki na kiini chake tu, ukifunguliwa ujivike kiolezo hicho. Mara ya mwisho walipobadilisha namba ya simu, alimkumbusha, kurasa kadhaa zilisahaulika, na mpaka leo wanafunzi wanapiga namba iliyokufa.

Nakili hakuinua macho. "Nyumba inaungua, dada, nawe unataka kuchora ramani."

Basi kila mtu akashika njia yake. Mama Pacha alikaza roho, akatengeneza kiolezo, akaanza kuzivua kurasa nguo zake moja moja. Macho yalimuwasha. Mara mbili alijikuta amesinzia, kidole kikiwa kimebonyeza herufi moja mpaka ikajaza mistari.

Jumatano mhadhiri mmoja akapiga simu, sauti imemkauka. Alikuwa amechapa alama za darasa zima, sasa haoni kitufe cha kuzihifadhi. Mama Pacha aliufungua ukurasa ule. Kitufe kilikuwa kimefichwa ndani ya kichwa cha zamani, na yeye alikikata kichwa pamoja nacho. Akamwambia mhadhiri asiufunge ukurasa, kisha akainamisha uso kwenye viganja, akingojea Nakili amwambie si nilikwambia.

Nakili aliburuta kiti chake hadi mezani kwa Mama Pacha. Akamwelekeza kumwambia mhadhiri azinakili alama zake pembeni kwanza, zisipotee, halafu akamwonyesha mstari ambapo kitufe kilikuwa. Wakakirudisha. Mhadhiri akashukuru, akakata simu.

"Wahadhiri wana menyu yao," Nakili alisema. "Hawaingii kwenye kiolezo cha wanafunzi. Tengeneza viwili."

"Kumbe ulikuwa unajua, kaka?"

Nakili alijisugua shingo. "Kujua nilijua. Kila nikinakili nilisema nitarudi niupange vizuri. Hapa hakuna anayepewa muda wa kurudi, Mama Pacha. Mtu anachoka, anapita."

Tangu hapo walifanya pamoja. Mama Pacha alivua, Nakili alikagua, maana ndiye aliyejua ukurasa gani una kilema gani na nani alikiomba. Vipande vinavyotumika kote, kama kichwa chenye jina, wakaviweka kwenye folda moja. Nakili alileta chai, ikapoa, wakainywa hivyo hivyo.

Ijumaa mchana kazi ikaisha. Mkuu wa kitengo akaingia akihema: wakubwa wamegeuza mpangilio wa maneno kwenye jina. Mama Pacha akafungua faili moja la kichwa, akahamisha neno, akahifadhi. Kurasa zote zikageuka.

"Kumbe ni kitu cha dakika moja," mkuu akasema, ameridhika. "Sasa wiki nzima mlikuwa mkifanya nini?"

Nakili akasema, polepole, kwamba walikuwa wakiitengeneza hiyo dakika. Mkuu akacheka, akidhani ni mzaha, akaenda zake.

Jioni nyumbani pacha walikuwa wamelala, jambo lisilo la kawaida saa ile. Mama yake akamuuliza kazi imekwendaje.

"Nilikuwa napanga vitu, mama."

"Vimekaa?"

"Vimekaa."

Akajiegemeza kwenye kochi avue viatu, akavua kimoja. Usingizi ukamchukua na kingine mguuni, na mama yake akamfunika kanga, akapunguza sauti ya redio.