Mzee Mizani na Mazoezi ya Kulala

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Mizani alilipwa mshahara kwa kutoamini watu. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Akiingia dukani, anapindua jiwe la kilo kuona kama limetobolewa chini, na mwenye duka anaanza kumeza mate. Alipostaafu, jicho halikustaafu naye. Kwa hiyo binti yake, aliyekuwa akiishi naye tangu mama mtu afariki, alipomwambia ghafla kwamba amemwandikisha kwenye mazoezi ya Pilates, mzee hakuuliza Pilates ni nini. Aliuliza nani amemtuma.

Binti akajibu kwamba hakuna aliyemtuma, huku akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mzee akaliona hilo, akaliweka kichwani.

Mazoezi yalifanyika ghorofani, juu ya duka la miwani, kwenye chumba kilichotandikwa mikeka ya mpira. Mzee, ambaye tangu shule hakuwahi kukimbia hata mvua, alijiandaa kurushwarushwa na kupigiwa filimbi. Badala yake mwalimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwaambia walale chali, wakunje magoti, wavute pumzi. Kisha wainue kiuno taratibu, pingili moja moja ya mgongo, na kukishusha vilevile.

"Mazoezi gani haya ya kulala?" akamnong'oneza mwanamke wa mkeka wa pili, muuza vitambaa. "Huyu Pilato wenu hatuchezei shere kweli?"

Muuza vitambaa alimweleza kwamba aliwahi kujaribu mazoezi ya kurukaruka mahali pengine, akatoka na goti limevimba na hakurudi tena. Hapa, ingawa alikuwa mgeni kabisa wa mambo haya, siku ya kwanza hakushindwa kitu, kwa sababu mwalimu alimkatia kila zoezi kwa kipimo chake.

Neno kipimo lilimgusa mzee, lakini hakukubali kununuliwa kwa neno moja. Akaanza ukaguzi. Mwalimu akisema mara nane, anahesabu; zikawa nane kweli. Siku nyingine akadanganya makusudi, akainua kichwa kwa nguvu za shingo tu. Mwalimu akaja moja kwa moja, akachuchumaa pembeni yake.

"Mzee, hapo shingo inalifanyia tumbo kazi. Shusha, tuanze na kidogo."

Kesho yake misuli ilimuuma mahali ambapo hakujua kuwa ana misuli. Akakiri kimoyomoyo kwamba mizani ile haikuchezewa.

Lakini jambo moja lilimkaa kooni. Kila wenzake walipoondoka, mwalimu alimbakiza yeye peke yake na kumfundisha kuinuka kutoka sakafuni: geuka ubavu, weka mkono, piga goti, kanyaga, simama. Kwa nini yeye tu? Wiki ya sita alifika mapema, na kwenye ngazi akasikia sauti ya binti yake ndani, akizungumza na mwalimu.

"Akiweza kuinuka mwenyewe nitakuwa na amani. Ila kwanza asijue."

Mzee akashuka kimyakimya. Siku tatu akamkagua binti. Akaona binti anakata simu kila yeye akiingia. Akaona begi jipya uvunguni. Akawaza nyumba inauzwa, akawaza anapelekwa kwenye makao ya wazee.

Jumapili mchana akalala chali katikati ya sebule, akangoja. Binti alipotoka jikoni na kumwona, alimkimbilia.

"Usiniguse," mzee akasema. Akageuka ubavu, akaweka mkono, akapiga goti, akakanyaga, akasimama bila kushika kiti. "Haya. Unakwenda wapi?"

Binti akaketi. Akamweleza kwamba kazini, kwenye maabara, wamempa cheo katika tawi lililoko mwendo wa siku mbili, na mara mbili amekataa. Hakuweza kumwacha tangu siku ile aliyomkuta ameanguka bafuni.

"Nilikwambia nilikaa chini dakika tano tu," mzee akasema.

"Sakafu ilikuwa imeshakauka, baba. Na chai yako ya asubuhi ilikuwa mezani, haijaguswa."

Mzee akavuta kiti, akaketi. Siku ile alilala pale tangu asubuhi hadi jioni, akaona aibu kuwaita majirani, kisha akapunguza saa kama wale aliokuwa akiwakamata walivyopunguza sukari. Na aliyemkamata alikuwa amenyamaza miezi yote hiyo ili asimvunjie heshima.

"Wapigie," akasema hatimaye. "Waambie unakuja. Nisikie."

Binti aliondoka mwezi uliofuata. Mzee hakosi darasa, ingawa bado anahesabu zile mara nane. Kila jioni ya darasa binti hupiga simu na kumuuliza leo ameinuka kutoka sakafuni mara ngapi. Mzee humtajia. Kisha binti humshukuru, humtakia usiku mwema, na kumpigia muuza vitambaa, ambaye siku hizi hubaki naye baada ya darasa, kuhakikisha.