Darasa la Wauza Nguo

Mzazi mmoja alifungua mlango katikati ya kipindi, akamshika mwanawe mkono, akatoka naye bila kumtazama mwalimu. Jioni mkuu wa shule, Bwana Liang, alimweleza Safia sababu kwa sauti ya chini: wazazi wanataka mwalimu Mzungu, si Mwafrika. Tangu siku hiyo akawekwa chumba cha nyuma, kazi yake kusahihisha madaftari ya wanafunzi wa walimu wenzake.

Safia alikuwa mwalimu wa Kiingereza tangu kwao Unguja. Alikuja Guangzhou, China, mwaka 1998 kumfuata mumewe Tahir, mnunuzi wa nguo za jumla, na kazi katika shule hii ya binafsi ilikuwa imempa furaha kubwa. Sasa kila asubuhi aliamka mwili mzito kama mgonjwa.

"Acha kazi, Safia," Tahir alimwambia. "Njoo tufunge mizigo pamoja. Kwani lazima?"

"Si lazima. Lakini nikiondoka hivi, n'takuwa nimekubali kwamba siwezi. Na mimi naweza, Tahir."

Kesho yake aliingia ofisini kwa Liang bila kuitwa. Akaomba darasa la jioni la wasichana wanaouza nguo kwenye maduka ya Shisanhang, ambalo walimu wengine walikwisha kulishindwa. Liang alishusha pumzi. "Lichukue."

Siku ya kwanza wasichana walisinzia. Mmoja, Xiaomei, alimcheka waziwazi. Safia alirudi nyumbani, mtaa wa Sanyuanli, akajifungia jikoni, akafungulia maji ya bomba ili kilio chake kisisikike. Alipokwisha kulia, akawaza. Wasichana wale walishinda wamesimama dukani tangu alfajiri, naye aliwasomea habari za bustani ya malkia! Hata yeye angesinzia.

Kipindi kilichofuata alikwenda na furushi la mashati ya Tahir. Aliyatandaza mezani, akajifanya mnunuzi mkorofi.

"Ghali mno!" alifoka kwa Kiingereza, akalitupa shati.

Xiaomei akainuka. Akaliokota, akalivuta mshono mbele ya macho ya Safia, akamjibu kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika lakini kikali, cha sokoni. Darasa zima likaangua kicheko, na wengine wakasogeza viti kutaka zamu yao. Muda ulikwisha hakuna aliyetaka kuondoka.

Liang hakumrudisha kwa watoto. Kila Safia alipopita mlango wa darasa lao akasikia sauti zao, moyo bado ulimuuma kidogo. Lakini aliacha kupita akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni moja Xiaomei aliwahi kufika kabla ya wenzake, akihema.

"Laoshi!" alimwita, yaani mwalimu. "Leo nimemuuzia Mkenya suruali, peke yangu, bila mkalimani! Amesema jina lake Kimani."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba hapati bei kama hiyo popote. Amecheka, akanunua. Sasa tufundishe kugombana na mtu aliyechelewesha mzigo."

Safia alicheka hadi akashika meza. Kisha akakunja mikono ya nguo, akachukua chaki.

"Haya, kaa. Mimi ndiye niliyechelewesha. Anza kunigombeza."