Ghala Lililofagiwa

Siku iliyoniharibia maisha ni Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka wa kumi na tatu wa Mfalme Edward wa Uingereza. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, na mke wangu Hawise alikuwa ndani, uchungu wa kuzaa umemshika, anatutukana mimi na mkunga kwa zamu. Nilifurahi kusikia matusi yake. Hawise akinyamaza ndipo uogope.

Kisha kengele zote tatu zikalia.

Kwa mtu wa bara hilo si kitu. Lakini tangu mfalme aanze kudai kwamba Ufaransa nayo ni yake, sisi wa Saltreham, tunaotazamana na Ufaransa, tulipewa amri: kanisani ipigwe kengele moja tu, iwe ibada, iwe harusi, iwe maziko. Ukisikia zote tatu, ujue Mfaransa ameshuka. Acha ulichoshika, kimbilia msituni. Mfalme mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bahari, Flanders, na jeshi lake. Ana taji moja, anataka la pili, kana kwamba ana vichwa viwili. Sisi tuliobaki tulikuwa na kichwa kimoja kila mtu, na hakuna wa kutulindia.

"Hamo, huyu hasogezwi," mkunga Gunnora aliniambia, amesimama mlangoni na mikono yake imelowa.

"Wakimkuta humu watamchoma na nyumba."

"Na ukimtoa kwenye mvua hii je?"

"Acheni kunijadili kama ng'ombe wa mnadani," Hawise akasema kutoka kitandani. "Nitieni mkokotenini twende. Na wewe Hamo, ukinipitisha kwenye mashimo nitakuuma."

Nilimpitisha kwenye mashimo. Njia ya msituni yote ni mashimo. Binti yetu Idonia alikuwa na miaka kumi na moja tu, akatembea kando ya mkokoteni amebeba viatu vya mama yake, kwa sababu Hawise alisema hatarudi nyumbani pekupeku kwa ajili ya Mfaransa yeyote. Tulipofika kwenye kibanda cha wachoma mkaa alikuwa ameacha kutukana. Gunnora alifanya alichoweza. Mtoto alitoka amekufa, na mama yake akamfuata kabla mvua haijakatika.

Tulirudi kijijini tukidhani tutakuta majivu. Hakuna nyumba hata moja iliyoungua. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, kikombe cha fedha kipo mahali pake. Lakini ghala la kijiji, tulilolijaza ngano na shayiri mpaka juu, lilikuwa tupu, na sakafu yake imefagiwa. Imefagiwa vizuri, mpaka pembeni, kama mke mwema anavyofagia usiku wa kuamkia Pasaka. Ufagio ulikuwa umeegeshwa ukutani.

Jirani yangu Thurstan, aliyekuwa akipiga kengele kanisani kabla ya vita, alisimama pale akautazama ufagio muda mrefu.

"Wafaransa wana adabu siku hizi," alisema. "Laiti wangenipitia na mimi, nyumba yangu haijafagiwa tangu mke wangu anikimbie."

Kwenye baraza la msimamizi wa shamba la bwana wetu, nilisimama mbele ya watu wote. Msimamizi anaitwa Reynold, na ndiye anayechagua watu wa zamu ya mnarani, maana tangu vita vianze kengele si kazi ya Thurstan tena.

"Naomba kujua," nikasema, "ni nani aliyezivuta kengele Jumatatu."

"Watu wa zamu."

"Wana majina, bwana?"

"Wameshakwenda Flanders kwa mfalme. Kawaulize huko."

"Na waliona nini hao? Mashua ngapi? Mimi nyayo za ufukweni sikuziona. Niliona alama za magurudumu, zinaelekea bara."

Reynold akavua glovu yake, taratibu, kidole baada ya kidole. "Ulitaka wasubiri mpaka wewe uone moto, Hamo? Mfaransa alishuka, akakuta mmekimbia, akachukua nafaka, akaondoka. Mko hai. Mshukuruni Mungu."

"Mke wangu hayuko hai."

"Hilo ni la Mungu pia."

Nikamjibu neno ambalo sitaliandika. Walinifunga miguu kwenye mbao za adhabu pale uwanjani kutwa nzima, na wana wa jirani zangu wakanirushia matope. Siwalaumu, wametumwa na njaa na uvivu. Namlaumu Reynold, aliyekuwa dirishani akinitazama. Baridi ile tulikula magome na kunde zilizooza. Jeshi la mfalme, walisema wapita njia, lilikuwa halijawahi kushiba namna ile.

Imepita miaka saba. Idonia ameolewa na Adkin, kijana mzuri, mpiga mishale, na ubaya wake ni huohuo. Kiangazi hiki mfalme amevuka tena na merikebu nyingi, na Adkin amechukuliwa. Tumesikia kulikuwa na vita vikubwa, tumeshinda, na sasa mfalme ameketi nje ya kuta za mji wa Calais, huko Ufaransa, akingoja watu wa ndani wafe njaa. Nani katika watu wetu amekufa, hatuambiwi. Ushindi una mjumbe wa farasi. Maiti wa kijijini hana.

Jumapili Reynold alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa. Jeshi la Calais linataka nafaka. Watu wakaangalia chini. Safari hii tulikuwa tumeshaelewana: hatoi mtu hata punje kabla hajaweka akiba yake ya majira ya baridi. Reynold hakupiga kelele. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akaligeukia ghala, akapanda farasi.

Tangu siku hiyo silali. Wavuvi wawili wameapa kwamba wameona matanga upande wa mashariki, si ya kwetu. Thurstan anasema wavuvi hao wakilewa huona hata bibi zao wakitembea juu ya maji. Lakini jana kulikuwa na moshi upande uleule. Huenda ni mtu anachoma mabua shambani. Huenda si mabua. Nimeweka mkokoteni mlangoni, nimeutandika nyasi kavu na ngozi ya kondoo juu, kisha nimeuondoa, kisha nimeurudisha.

Leo asubuhi uchungu umemshika Idonia.

Gunnora amekuja, amezeeka, mikono ileile. Thurstan amekuja na pombe ya shayiri, eti ya mgonjwa, na amekunywa nusu yake. Mvua imeanza. Idonia hatukani kama mama yake, anauma kona ya shuka na kunitazama tu, na hilo linanitia hofu zaidi.

"Mtoto amekaa vibaya," Gunnora ameninong'oneza. "Namgeuza polepole. Asiguswe, asitikiswe. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mara ile pia ulinisikia."

Thurstan ameweka bakuli chini, ameinua kichwa kama mbwa. Na mimi nimesikia. Kwanza ile ndogo, kisha ya kati, kisha ile kubwa tunayoiita Maria, zote tatu kwa pamoja.

Nje watu wameanza kupiga mayowe, milango inabamizwa, nguruwe wanakimbia. Nimetoka hadi uani. Upande wa baharini ni mvua tupu, huwezi kuona merikebu hata ingekuwa puani. Mnara nauona, lakini ndani yake ni giza. Ghala letu lipo pale pale, limejaa, limefungwa.

"Hamo!" Thurstan anaita. "Sema neno, mzee mwenzangu! Mimi nishike mikono ya mkokoteni, au nishike shoka nisimame mlangoni?"

Nimeingia ndani. Idonia ameniona, ametoa shuka mdomoni. Amenishika mkono, anaubana mpaka mifupa inalia. Viatu vya mama yake viko chini ya kitanda, hajawahi kuvitupa.

"Baba," ananiuliza, "ni nani anayezivuta?"