Kengele ya Amosi

Dorkas, mkaguzi wa mionzi, alikuwa amezunguka mji mzima wa Singida akitafuta kipande cha chuma kilichopotea, kisichozidi kidole gumba. Alikikuta Mandewa, chumbani kwa mama yake mzazi, ndani ya kengele ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani juu ya kitanda. Alikuwa amepita kumjulia hali tu. Kipimo cha mionzi alichokuwa nacho begani kilianza kulia kabla hajavuka kizingiti.

Chuma hicho kilitoka katika kiwanda cha umma cha mafuta ya alizeti. Kwa miaka mingi kilikaa ndani ya gamba zito la madini ya risasi yazuiayo mionzi, ubavuni mwa ghala, kikipima kwa mionzi yake ujazo wa mbegu bila kumdhuru mtu. Kisha zikaja zama za kuuza mali za umma. Mnunuzi alitaka eneo tupu, tena upesi, wala hakuna aliyeuliza kipi kiondolewe kwanza na kiondolewe na nani. Wafanyakazi walioachishwa kazi wakagawiwa vyuma chakavu, ndiyo ikawa kwaheri yao.

Amosi, baba yake Dorkas, aliupokea mgawo wake kwa furaha. Gamba aliliyeyusha azibie vyombo. Kile kipande kisichoshika kutu alitembea nacho mfukoni kwa siku kadhaa, kisha akakifunga ndani ya kengele ya dume lake kiongozi ili kiwe cha kugonga, kwa sababu alipenda ng'ombe wake watambulike kwa mlio kabla hawajaonekana. Haukupita muda, paja likaanza kumwaka. Likafanya kidonda, na kidonda kikampeleka kaburini. Dume nalo likanyonyoka shingo, likafa.

Ukoo ulitafuta mkono wa mtu, ukaupata kwa Stefano, mdogo wake Amosi, ambaye walikuwa wamegombania malisho. Mjane, Elina, ndiye aliyesema neno la mwisho: Stefano asikanyage tena hapo. Stefano akahamia Nduguti na wanawe, na Dorkas hakumtetea. Elina akaiingiza kengele ndani, apate kulala karibu na kitu kilichopita mikononi mwa mumewe.

"Mama, toka nje sasa hivi."

"Nitoke niende wapi? Nimeinjika ugali."

"Uache uungue, mama. Tafadhali."

Ignas, mwenzake wa kazini, aliitwa. Alikuja na koleo refu na sanduku la risasi, akafanya kazi yake kimya. Elina alikaa mbali, nyuma ya zizi, akitazama kengele ya mumewe ikichukuliwa kama mwizi.

Kazini Dorkas alikuwa amezoea kueleza mambo haya mbele ya wakubwa, kwa michoro na maneno makubwa. Leo maneno hayo yalimkimbia.

"Chuma kile kina moto usioonekana," alisema. "Ndicho kilichomchoma baba."

Elina aliuliza: "Si mtu?"

"Si mtu, mama."

"Unasema kwa kuwa umesoma, au kwa kuwa unajua?"

"Najua."

Mama alijifunga kitenge upya, akasimama. "Nipeleke Nduguti."

"Kwanza hospitali. Umelala chini ya kitu kile. Lazima upimwe damu."

"Na nikifia huko, nani atamwambia?"

Taratibu za kazi zilikuwa wazi: mgonjwa kwanza, mengine baadaye. Dorkas alizijua kwa moyo. Alimtazama mama yake, akaona nywele zilizoanza kupungua pembeni mwa kilemba, akaogopa kama mtoto. Kisha akamfungulia mlango wa gari, na alipofika njia panda alishika barabara ya Nduguti.

Walimkuta Stefano uani akipura mtama. Alikuwa amekonda. Alipomwona shemeji yake akishuka, aliweka fimbo chini, akafungua kinywa ili amwamkie kama inavyompasa mdogo wa mume. Elina alimwahi. Alipiga magoti juu ya makapi.

"Shikamoo, Stefano."

Dorkas hakuwahi kumsikia mama yake akimwamkia hivyo mtu mdogo kwake. Jibu la salamu hiyo kila mtoto analijua, lakini Stefano alishindwa kulitoa. Alikaa chini mbele ya shemeji yake, juu ya mtama wake mwenyewe, na hakuna kati yao aliyeweza kumwinua mwenzake.